Nchi Isiyojua Kuzika

Safari ninayotaka kuisimulia si yangu. Ni ya Stumai Mkwizu, mwalimu wa shule ya msingi kule Kilosa, mwanamke anayeita watoto wa uwanja mzima bila kengele na asiyependa mambo ya ovyo ovyo. Mwenyewe ukimuuliza hukatisha: "Nilimfuata mdogo wangu huko," kisha anakuuliza kama umekula. Basi naisimulia mimi, maana kuna mambo aliyoyaona kule ambayo ni dhambi kuyaacha yapotee hivi hivi.

Mdogo wake ni Mrisho. Mrisho alikuwa na mke, Zuhura, na binti yao, Hidaya, ambaye homa ilimchukua akiwa ndio kwanza ameanza kusema maneno yakaeleweka. Siku ya maziko Mrisho alijifungia chumbani, akawasha kompyuta, akacheza gemu moja la kutisha, la mtu aliyepotea msituni huku dubwana linamwinda. Dubwana likimla, mtu yule huamka pale pale alipoweka moto wake mara ya mwisho, mzima, kana kwamba hakikutokea kitu. Watu wakasema mwacheni, ni majonzi, yatapita. Wapi! Jioni moja Zuhura akamwambia ana mimba nyingine. Mrisho akainuka. Akaingia chumbani, na tangu hapo hakuonekana. Kiti kitupu, kompyuta inawaka, na kwenye skrini msitu umesimama kimya.

Tumbo la Zuhura likakua mpaka likashuka. Siku hiyo akamshika mkono Stumai akamwambia, "Wifi, mimi sina la kumdai. Nataka tu mtoto huyu akizaliwa, baba yake awepo amshike." Stumai akaenda kwenye kile chumba, akaketi kwenye kile kiti, akabonyeza palipoandikwa ENDELEA. Msiniulize alipitaje. Mimi ni msimuliaji, si fundi wa kompyuta. Aliketi huku, akasimama kule.

Kule kunaitwa Marejeo. Ni nchi ndogo, nadhifu, iliyozungukwa na msitu pande zote. Miti yake ina magome meusi na imesongamana hata mchana kweupe ndani kuna kiza, na husikii ndege hata mmoja. Ukiitazama imetulia, ukigeuka unahisi imesogea. Humo ndimo anamokaa yule ambaye wenyeji hawamtaji kwa jina lake. Humwita Mwenyeji, kwa adabu. Mwenyeji hakimbizi mtu. Anaita. Anakuita kwa sauti ya mtu unayempenda, polepole, bila hasira, na ukiifuata sauti anakula.

Getini Stumai alipokewa na mtumishi wa serikali mwenye tabasamu la kikazi, akamnyooshea kijungu cha udongo chenye kaa jekundu ndani.

"Karibu sana, mama. Shika kijungu chako. Ukishakigusa, maisha yako yamewekwa. Mwenyeji akikula, utaamka kando ya kijungu ukiwa hivi hivi ulivyo sasa, huna hata mkwaruzo."

"Na yatakayotokea kati ya sasa na huko kuliwa?"

"Hayo hutayakumbuka. Utakuwa umepumzika."

"Yaani nitasahau hata nilichojia?"

"Kila kitu," akasema mtumishi kwa furaha kabisa.

"Basi kaa nacho."

Mtumishi alibaki amekinyoosha kile kijungu, hajui akirudishe wapi, maana haikuwahi kutokea mtu akakataa.

Stumai alifikia kwa Bi Kidawa, mama mtu mzima, mvi tupu, mkarimu kupita kiasi. Nyumba yake ilikuwa imepambwa maua ya arusi, na barazani ameketi kijana wa kanzu mpya, anang'aa kwa manukato, anachungulia mlangoni kama mwenye haraka. Stumai akadhani ni mjukuu anaoa. Kumbe ndiye mume wa Bi Kidawa, Bwana Shomvi. Aliweka kaa lake asubuhi ya arusi yao, na tangu hapo wakikosana, hata kwa chumvi kuzidi kwenye mchuzi, huinuka akaenda kwa Mwenyeji, akarudi bwana arusi.

"Na wewe?" akauliza Stumai.

"Mimi nakoka kaa upya kila asubuhi," akasema Bi Kidawa, anapepeta mchele. "Lazima nyumbani apatikane mtu mmoja anayejua tulipofikia."

"Hakuulizi hizo mvi?"

"Husema mapambo ya maharusi siku hizi yamezidi."

Stumai akacheka. Bi Kidawa naye akacheka, halafu akaacha ghafla, akaendelea kupepeta. Stumai akamuuliza kwa nini asimwambie ukweli. Mama wa watu akageuka huku na huku, akanong'ona kwamba Marejeo hakuna kosa kubwa kuliko kukumbusha. Mtu akirudi kwenye kijungu chake, ni marufuku kumwambia alisema nini, alifanya nini, wala alimuumiza nani. Watu wema huanza naye upya.

Sheria hiyo ilikuwa imeishika nchi nzima. Palikuwa na Mheshimiwa Madenge, mkubwa wa Baraza, aliyeweka kaa lake asubuhi alipoahidi kujenga barabara ya taa kupita msituni, ili anayetaka kutoka atoke salama. Wananchi wakianza kuguna, barabara iko wapi, yeye huenda zake kwa Mwenyeji. Anaamka na ile ile asubuhi kichwani, anapanda jukwaani, anaahidi. Stumai alimsikiliza kwa masikio yake. Kilichomshangaza ni kwamba yule bwana hakuwa akidanganya hata kidogo. Alikuwa na machozi ya kweli machoni. Na watu nao walipiga makofi ya kweli, wengine wakikumbatiana.

Penye njia ya kuingilia msituni serikali iliweka mabenchi na kivuli, na askari wa kupanga foleni. Hapo utamkuta aliyeshindwa mtihani, na aliyeropoka mbele ya wakwe, na wawili waliopigana jana na leo wamekaa bega kwa bega wanapeana nafasi. Wanajipepea, wanaulizana hali. Mara sauti inaita kutoka mitini, ya mama wa mtu au ya mchumba, na mmoja anainuka, anajifuta vumbi, anaingia. Baada ya hapo husikika kitu ambacho Stumai hajawahi kuniambia kikoje, nami sijamlazimisha. Wote walimhakikishia kwamba hakuumi. Wangejuaje?

Stumai alimkuta Mrisho karibu na mabenchi hayo, amechuchumaa ukutani, kijungu kati ya miguu.

"Dada! Shikamoo. Umefika lini? Mimi nimeingia jana tu."

"Marahaba. Si jana, Mrisho."

"Jana jioni. Zuhura kaniambia ana mimba, nikaona nipumzishe kichwa kidogo."

Stumai akakaa chini palepale. Akamweleza taratibu kwamba mimba hiyo imeshakuwa tumbo, na tumbo limeshuka, na wakati wowote mtoto anazaliwa. Mrisho alishika kichwa, akalia, akasema twende dada, twende sasa hivi. Wakashikana mikono wakaifuata njia. Walipofika chini ya miti ya kwanza, sauti ndogo ikaita kutoka gizani.

"Baba."

Mrisho aliuachia mkono wa dada yake kama aliyeungua. Kabla Stumai hajamshika shati alikuwa ameshazama mitini, anatembea haraka, anaitika, "Nakuja, mama, nakuja." Stumai alijiziba masikio akarudi mbio hadi kwa Bi Kidawa, na hakula chochote siku hiyo.

Asubuhi alimkuta ukutani pale pale.

"Dada! Shikamoo. Umefika lini?"

Jamani, hebu fikirini. Stumai alianza tena. Siku hiyo alisema kwa upole, kesho yake kwa ukali. Safari moja alimzaba kofi, safari nyingine alimwimbia nyimbo za utotoni mwao. Kila mara Mrisho alilia, akakubali, akafika chini ya miti, akaitwa. Mwanzoni Stumai alidhani mdogo wake anakimbia majukumu, na alikuwa na maneno yake makali ya kumpa. Lakini alipoisikia ile sauti kwa mara nyingine, ya mtoto ambaye yeye mwenyewe aliwahi kumnawisha na kumlisha, maneno yakamkauka. Alimwonea huruma mdogo wake, akaketi njiani akalia kwa sauti. Waliokuwa kwenye foleni walitazama pembeni kwa haya.

Mwishowe akaacha kuchagua maneno. Akawa anamwambia waziwazi: jana nilikwambia haya, juzi nilikwambia haya, na kila siku unaniacha hapa peke yangu. Hapo ndipo askari wakamshika. Alikuwa amekumbusha, tena hadharani.

Baraza lilikaa siku hiyo hiyo. Lilikuwa limejaa pomoni, na Mrisho aliletwa mbele kama mtu aliyekosewa. Mheshimiwa Madenge akataka mashtaka yaelezwe kwa ukamilifu, maana nchi ya sheria haimhukumu mtu kwa juu juu. Mwendesha mashtaka, bwana mmoja makini sana na kazi yake, akasimama akaanza. Kwamba mshtakiwa alimwambia Mrisho kuwa mkewe anakaribia kujifungua. Kwamba Mrisho alikubali kuondoka naye, akaingia kwa Mwenyeji, akarudi. Kwamba mshtakiwa alimwambia tena. Kwamba alikubali tena, akaingia tena. Aliyataja yote, moja baada ya jingine, na kofi, na nyimbo, na machozi, na jinsi Mrisho alivyokuwa akiitika "nakuja, mama" akienda. Mrisho alikuwa amekaa mbele yake anasikiliza. Hakuna aliyefikiri kumziba masikio.

"Mshtakiwa una la kusema?" akauliza Mheshimiwa.

"Sina. Yote ameyasema huyu bwana vizuri kuliko mimi."

Ikatolewa hukumu: apewe kijungu kwa nguvu, aguse kaa, na kila atakapokumbusha mtu apelekwe kwa Mwenyeji asahau, asiwe tena hatari kwa utulivu wa wananchi. Stumai akaficha mikono nyuma.

"Siguswi na hicho kitu. Nina wifi yangu ananisubiri."

"Lakini mama, bila kijungu, Mwenyeji akikula je?" akauliza Mheshimiwa.

"Nitakuwa nimekufa."

"Ndiyo, halafu?"

"Halafu basi. Nimekufa."

Ukumbi ulifadhaika. Watu waliinamisha macho kama waliomfumania mtu anaoga. Mjumbe mmoja wa kike akaomba mtoto wake atolewe nje. Mwingine akasema afukuzwe nchini haraka apite huko msituni, na mwenzake akamjibu, na akiliwa njiani akabakia mwili, nani ataushughulikia? Wakaulizana. Hakuna aliyejua. Marejeo hapana makaburi, hapana sanda, hapana mtu aliyewahi kuchimba. Mjadala ukawa mrefu kweli kweli: wengine walisema maiti huning'inizwa, wengine wakasema la, husindikizwa sokoni. Ndipo Mheshimiwa Madenge akainama mbele akauliza kwa sauti ya chini, ya mtu mwenye haya.

"Mama, kwenu huko mtu akifa na asirudi, mnamfanyaje?"

"Anazikwa."

"Kuzikwa kukoje?"

"Mimi ni mwanamke," akasema Stumai. "Kwetu wanawake tunabaki nyumbani na msiba, makaburini wanaenda wanaume. Yeyote anayejua ni mwanamume. Muulizeni ndugu yangu, ana binti yake kazikwa."

Macho yote yakamgeukia Mrisho. Alisimama. Stumai alitamani kuyarudisha maneno yake, maana hakuwa amekusudia kumchoma. Alijibu tu alivyoulizwa.

"Sijui," akasema Mrisho. "Sikwenda."

"Hukwenda wapi?"

"Kumzika. Wakaniita, nikafunga mlango. Baba wa mtoto ndiye anayeshuka kaburini kumpokea, anamlaza kwa mikono yake. Jirani ndiye alishuka. Mimi sikumlaza mwanangu. Hata kaburi lenyewe silijui liko upande gani."

Wajumbe hawakuelewa hata nusu ya maneno hayo. Bwana Shomvi, bwana arusi, aliyekuwa mlangoni, alimtazama mkewe pale alipoketi, akamtazama kwa muda. Sijui aliona nini.

Kwa kuwa hakuna aliyejua kuzika, Baraza likaamua njia rahisi: Stumai aondoke mchana ule ule, na kama ataliwa, aliwe mbali. Mrisho akaomba ruhusa ya kumsindikiza dada yake. Akakubaliwa, maana kusindikiza mgeni ni adabu, na kila mtu alijua atakakoishia.

Walitembea mpaka mabenchi. Mrisho amebeba kijungu chake kwapani. Chini ya miti ya kwanza baridi ikawapiga usoni, na harufu ya majani yaliyooza. Njia ilikuwa nyembamba, na vigogo pande zote mbili vilikuwa vimekwanguliwa magome kwa urefu ambao mkono wa mtu haufiki. Stumai alikuwa anaogopa, na hakujifanya kwamba haogopi. Sauti ya kwanza ilimwita yeye: "Stumai, mwanangu, hebu njoo mara moja." Ilikuwa sauti ya marehemu mama yao, ile ya jikoni, ya kuomba asaidiwe kuepua chungu. Stumai aliuma mdomo mpaka ukatoa damu, akakaza mwendo.

Halafu likaja lile alilokuwa akilingoja.

"Baba."

Mrisho akasimama. Stumai hakumshika safari hii. Alikuwa ameshamshika mara nyingi, na shati halimzuii mtu. Alisimama hatua chache mbele yake, akisubiri kumwona akizama tena mitini na kesho kuulizwa amefika lini. Na kesho yenyewe hakuwa nayo. Getini hatapokewa tena.

"Baba, njoo."

Mrisho alikishusha kijungu kutoka kwapani, akalitazama lile kaa. Akakiinua kwa mikono miwili akakibamiza kwenye mzizi. Vigae vikaruka, kaa likaviringika kwenye majani mabichi, likatoa moshi, likazimika. Tangu hapo alikuwa na maisha kama yangu na yako.

Akageukia gizani.

"Hidaya, mwanangu," akasema. "Baba hakuja siku ile. Nilikuogopa. Nisamehe, mama. Lala. Lala salama."

Sauti iliendelea kuita. Msidhani ilinyamaza, Mwenyeji hana huruma ya namna hiyo. Iliita nyuma yao njia nzima, mara karibu kabisa, mara mbali, na Mrisho alitembea akilia kama mtoto, kamasi zinamtoka, mkono wake ndani ya mkono wa dada yake, lakini hakuitika. Kuna wakati kitu kizito kilipumua kando ya njia, wakahisi joto lake miguuni. Wakapita.

"Dada," akasema, miti ilipoanza kupungua.

"Naam."

"Na huyu naye akifa?"

Stumai ni mwalimu, amezoea kuwapa watoto moyo hata pasipo na moyo. Lakini hakuona haki ya kumdanganya.

"Tutamzika. Na safari hiyo utashuka mwenyewe."

Mrisho akaruka mzizi uliokuwa njiani.

"Na akiishi?"

"Akiishi utamlea, mpumbavu wewe. Atakutoa mvi. Twende."

Walitokea kwenye kile chumba, vumbi limejaa kila mahali. Kabla ya yote Mrisho alikwenda kugonga kwa jirani, akamwomba amwonyeshe kaburi. Jirani hakumuuliza alikuwa wapi. Alivaa kandambili akatangulia. Mrisho akakaa hapo akang'oa majani kwa vidole mpaka pakawa safi, kisha akaja mtu akikimbia kusema Zuhura amepelekwa hospitali.

Mtoto alizaliwa wa kiume, mdogo, anapumua kwa kukoroma kidogo. Zuhura alimtazama mumewe. Alimnyooshea tu kifurushi cha khanga chenye mtoto. Mrisho alikipokea. Mikono ilimtetemeka hata nesi akaja kukinga yake chini, akamwambia, baba, kama unaogopa kaa nje kidogo, tutakuita. Mrisho akasema anaogopa sana, na akavuta kiti akaketi.